Taa ya Kijani Kwenye Kopo la Maziwa

Filimbi ililia, wasichana saba wakaondoka, wa nane akabaki ameinama, vidole vyake vingali kwenye chokaa. Aliinua kichwa kidogo, akaona visigino vya jirani yake viko mbali, ndipo akachomoka. Zilikuwa mbio za mita 100, mashindano ya shule, Mtwara mjini, jua la saa tano linachoma utosi. Alimaliza wa tatu. Mimi niliyekuwa pembeni na saa mkononi nilimfuata, nikamshika bega, nikamwambia nikiupanua mdomo ili asome midomo: "Mbona unachelewa? Umelala?"

Alinitazama usoni, akatazama chini, akafuta chokaa ya vidoleni kwa sketi yake. Sikujua kama alielewa.

Swali lile nimelirudia kichwani kuliko swali lolote nililowahi kumuuliza mwanafunzi. Yule mtoto hakuchelewa. Sisi ndio tuliochelewa kumwambia. Filimbi ilipulizwa kwa ajili ya wasichana saba, yeye akaachwa atafute mwenyewe mbio zimeanza saa ngapi.

Jina lake sitaliandika. Viziwi wenzake wanamwita kwa kidole cha shahada kinachopita juu ya nyusi ya kushoto, kwa sababu ana kovu pale, alianguka kutoka kwenye mkorosho akiwa mdogo. Hapa nitamwita Nyusi. Kwao ni kijijini, njia ya Newala, na wazazi wake ni wakulima wa korosho. Homa kali ilimpata akiwa na miaka minne, na alipoinuka kitandani mama yake akimwita hageuki. Alikuja mjini kwa bibi yake kwa kuwa shule yetu ina darasa la wanafunzi viziwi. Mtaani walimwita bubu. Bibi hakuwahi kulinyamazia hilo hata siku moja, atatoka na mwiko mkononi hadi barabarani: "Ana jina huyu, na ninyi mnalijua!"

Mimi ni mwalimu wa michezo. Elimu maalumu sikusomea, na lugha ya alama niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa ya salamu, chakula, na "njoo hapa". Nilijiona ninafanya jambo kubwa kumruhusu akimbie na wanaosikia.

Jioni ya siku ile, mwalimu mwenzangu wa darasa la viziwi, mtu mpole asiye na maneno mengi, aliniita uwanjani watu walipokwisha kutawanyika. "Madam, hebu inama pale kama mkimbiaji," akasema. "Mimi nasimama nyuma yako. Nikipunga mkono, kimbia." Nikainama. Nikasubiri. Magoti yakaanza kutetemeka, shingo ikauma kwa hamu ya kugeuka. Nilipogeuka nilimkuta ameshapunga zamani, amechuchumaa anafunga kamba za viatu. Hakuongeza neno. Alichukua baiskeli yake akaenda zake, nami nikabaki pale kwenye chokaa mpaka adhana ya magharibi.

Usiku ule nilisoma kwenye simu hadi chaji ikaisha. Nikakuta kwamba viziwi wana michezo yao ya dunia, Deaflympics, na ni mikongwe: ilianza Paris, Agosti 1924, wanamichezo 148 kutoka nchi 9, na mwasisi wake alikuwa Eugène Rubens-Alcais, Mfaransa kiziwi, kazi yake fundi makanika. Jina hili la Deaflympics ndilo la juzi tu, la mwaka 2001. Nikakuta kwamba huko mkimbiaji haanzishwi kwa mlio wa bastola peke yake; kuna taa chini, mbele yake. Nyekundu, kaa mahali pako. Njano, inuka, tayari. Kijani, nenda. Kwenye soka refa naye hushika bendera. Nikakutana na habari za Terence Parkin wa Afrika Kusini, kiziwi aliyeogelea Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 pamoja na wanaosikia: alianzishwa kwa mwanga, akarudi nyumbani na medali ya fedha ya mita 200 za mtindo wa kifua.

Kumbe wenzetu walikwisha kulitatua jambo hili, nami nilikuwa bado ninapuliza filimbi nyuma ya mtoto kiziwi na kumuuliza kama amelala.

Fundi niliyemfuata hufunga umeme wa pikipiki, ana kibanda kando ya barabara ya kwenda Mikindani. Nikamwambia nataka taa tatu, nyekundu, njano na kijani, ziwake moja baada ya nyingine nikibonyeza.

"Unafungua barabara, mwalimu?"

"Nafungua mbio, fundi."

Nilipomweleza ni za nani, aliweka chini alichokuwa akikichomelea. Nyekundu alitoa kwenye taa ya nyuma ya pikipiki iliyopata ajali. Njano ikawa indiketa. Kijani ndiyo iliyotusumbua, kwa kuwa pikipiki haina taa kubwa ya kijani. Akamkumbuka kijana mmoja wa bodaboda aliyefunga vijitaa vya urembo chini ya tangi, akampigia simu, kijana akaja, wakabishana dakika mbili, vijitaa vikang'olewa. Swichi tatu zilipigiliwa kwenye kipande cha mbao, waya mita sita, betri ya volti 12. Jioni tulipoijaribu kibandani, watu walisimama barabarani kutazama.

Kesho yake saa nne asubuhi niliipeleka uwanjani, na haikuonekana kitu. Jua letu hili likipiga kwenye mchanga mweupe, taa ya pikipiki ni kama kibiriti mchana. Nilimwona Nyusi anakunja uso, anatafuta, anaona haya kuniambia haoni. Nikarudi kwa fundi. Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua kopo kubwa la maziwa ya unga, akalitoboa kitako, akalipaka rangi nyeusi ndani, akazipanga taa zote tatu kule chini kabisa na kulilaza kopo ubavu. Ukitazama mdomoni mwake unaona giza, na ndani ya giza lile kijani kinawaka kama jicho la paka. Hela ya ufundi aliikataa. Alitaka ile ya vijitaa tu, ampe yule kijana wa bodaboda.

Tulifanyia mazoezi ufukweni Shangani, asubuhi mapema, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Tulichimba vishimo viwili vya kukanyagia, nikachora mstari kwa mti. Sasa kopo liwekwe wapi? Likiwa mbali, anainua kichwa kulitafuta, kiuno kinashuka, nguvu yote inapotea. Likiwa karibu mno, anainamia kama anayesoma. Tulisogeza na kusogeza kwa siku tatu mpaka tukapata mahali pake: urefu wa mkono wake mmoja na shubiri moja kutoka kwenye mstari, usawa wa bega la kulia. Pale macho yanaiona taa bila shingo kujua.

Nakumbuka kijani cha kwanza alichokipata vizuri. Aliondoka kabla kidole changu hakijatoka kwenye swichi, ndivyo nilivyoona mimi. Akapita mstari wa kumalizia, akapita mtumbwi uliopinduliwa, akaendelea mpaka maji yakamfika magotini, ndipo akageuka. Alisimama mle majini ananitazama. Mimi huku nimeshika kile kipande cha mbao kifuani kama mtu aliyeshika mtoto.

Mimi ni mtu wa vipimo, kwa hiyo nilirekodi kwa simu na kuhesabu picha moja moja. Simu yangu hupiga picha 30 kwa sekunde. Alipokuwa akitegemea visigino vya jirani, picha 15 zilipita kati ya filimbi na mguu wake kuondoka. Kwa taa, picha 7, na baada ya mwezi mmoja, 6. Picha 9 zilizookolewa ni karibu theluthi ya sekunde, na kwa mwendo wake theluthi ya sekunde ni zaidi ya mita mbili. Yule aliyekuwa akiingia wa tatu mwaka mzima alikuwa anawapa wenzake mita mbili, halafu anawakimbiza. Mtoto yeyote mwenye masikio angelia kama angefanyiwa hivyo.

Wale saba walipoiona taa, wakaitaka na wao. Nikawaruhusu, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia: kwenye filimbi Nyusi alikuwa mgeni wao, kwenye taa wao ndio waliokuwa wageni wake. Alikuwa akiwapitia mmoja mmoja, anawasogeza vidole nyuma ya mstari, anawaonyesha pa kutazama. Msichana aliyekuwa akimshinda kila mara ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuuliza alama ya "subiri".

Nikaanza kuzunguka maofisini kumtafutia nafasi ya kwenda mbele. Sehemu moja mkubwa mmoja aliniuliza, kwa nia njema kabisa, "Hao si wako kwenye Paralimpiki?" Nimekutana na swali hilo mara nyingi, na linastahili jibu kamili. Viziwi hawamo kwenye Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Michezo yao ilitangulia, hii ni ya 1924 na Paralimpiki ya kwanza ilikuwa Roma 1960. Kuna kipindi shirikisho lao la dunia lilikuwa ndani ya kamati ya Paralimpiki, likatoka mwaka 1995. Kiziwi hana haja ya kupangiwa daraja la miguu au mikono. Mwili wake unakimbia mbio zilezile, kwa sheria zilezile, na umbali uleule. Anachohitaji ni kuambiwa kwa macho kile ambacho wengine wanaambiwa kwa masikio. Kila ofisi inapowachanganya, barua ya viziwi inaingia kwenye faili ambalo si lake, na hapo inakaa. Yangu ilikaa miezi mitano.

Mwishowe wito ulikuja kupitia kwa viziwi wenyewe, wana mtandao wao wa simu ambao hauchelewi: majaribio ya kuchagua timu ya taifa, Dar es Salaam. Nikaenda kwa baba yake nikiwa na furaha yangu yote. Alinisikiliza, akanikaribisha mihogo ya kuchoma, akasema, "Mimi nimezaa, mwalimu. Safari ya mtoto anaulizwa mjomba wake."

Kwa asiyetujua, Wamakonde tunahesabu ukoo kwa mama, na kaka wa mama ana neno zito kuliko baba. Tukapanda gari hadi Newala. Mjomba alikuwa chini ya mwembe, anachambua korosho kwenye turubai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni."

Nikaeleza. Alisikiliza bila kuacha kuchambua, korosho nzuri huku, mbovu kule. Kisha akauliza, na lilikuwa swali la mzazi: "Akipotea kule Kariakoo, mtoto huyu, ataulizaje njia?"

Nilifungua mdomo nijibu. Nyusi, ambaye alikuwa akiufuata mdomo wa mjomba wake neno kwa neno, aliokota kijiti, akafuta vumbi kwa kiganja, akaandika: NITAANDIKA. Mjomba aliinamisha kichwa, akasoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, mpaka neno likakamilika. Alimtazama mpwa wake kwa muda. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa shilingi elfu kumi, akamkabidhi yeye mwenyewe, hakunipa mimi.

Kabla ya majaribio palikuwa na kipimo cha usikivu, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote. Sheria ya michezo ya viziwi ya kimataifa inataka usikivu wa sikio lililo bora uwe umepungua kwa desibeli 55 au zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukichukua wastani wa sauti za hezi 500, 1000 na 2000. Karatasi yake huitwa audiogramu, na bila hiyo huendi popote. Hata vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa kabla ya kuingia uwanjani, ili wote wawe sawa.

Tuliondoka Mtwara alfajiri. Lindi, Nangurukuru, Somanga, Daraja la Mkapa, jioni tuko Dar. Kesho yake Nyusi aliingizwa kwenye chumba kidogo chenye kioo, akavalishwa vipokea sauti, akapewa kitufe: ukisikia, bonyeza. Mtaalamu alikaa upande wa pili na mashine yake. Nami nikakaa kwenye benchi nyuma.

Nyusi akabonyeza. Akabonyeza tena. Kila mlio, anabonyeza. Mstari kwenye karatasi ukawa unapita juu kabisa, kama wa mtu anayesikia hata unong'onezi. Mtaalamu alinigeukia, nikaona anajiuliza kama nimemletea mtoto wa uongo. Mimi mwenyewe moyo ulikuwa ukinienda mbio. Ndipo nilipoyaona macho ya Nyusi. Hayakuwa yanatazama popote isipokuwa mkono wa mtaalamu. Kila kidole chake kilipogusa mashine, naye anabonyeza.

Tangu ana miaka minne, kila mtu aliyemjaribu alifurahi alipogeuka. Bibi anagonga sufuria nyuma yake, akigeuka kwa bahati anakumbatiwa. Mganga anapiga kengele, akigeuka anasifiwa. Darasani anayekisia sawasawa ndiye mwenye akili. Mtoto yule alikuwa amefundishwa maisha yake yote kwamba kusikia ndiyo kufaulu, na mtihani ule aliuona ni mtihani kama mingine, akaufanya kwa bidii zote alizonazo.

Mtaalamu alielewa. Aliinuka, akazungusha kiti, akaipa mashine mgongo wa faili kubwa ili mikono isionekane. Akaanza upya. Kimya. Nyusi alikaa na kidole juu ya kitufe, anatazama lile faili, na hakibonyezwi kitu. Dakika zikapita. Mstari ukashuka, ukapita 55, ukapita 80, ukaenda zaidi ya 90.

Alitoka analia. Alidhani amefeli, na kwamba nauli ya mjomba imepotea. Nilimkalisha kwenye benchi, nikatumia alama zote nilizokuwa nazo, na nilikuwa nazo chache: kusikia, hakuna. Wewe, nenda. Vizuri. Hakuniamini. Nikamwonyesha ile namba 55 kwenye karatasi, nikamwonyesha yake, nikarudia: kusikia hakuna, kwa hiyo unaruhusiwa. Alifuta machozi kwa mgongo wa kiganja. Kisha akauliza kwa alama mbili tu, akizungusha mkono kuonyesha watu wengi: huko, wote?

Wote, nikamjibu.

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kiatu.

Majaribio yenyewe nitayasema kwa kifupi, kwa sababu yananiuma. Waliyaandaa watu wenye nia njema na mfuko mdogo. Taa hazikuwepo. Mwanzishaji alisimama pembeni mbele ya mstari na bendera, ikishuka, mnaondoka. Wasichana wengine, waliotoka mikoa iliyozoea hivyo, waliinama nusu huku uso umegeukia bendera. Nyusi aliinama vizuri kabisa, kama tulivyofundishana Shangani, macho chini, bega la kulia, mahali pa kopo. Kopo halikuwepo. Nilijua kabla bendera haijashuka. Aliwapita wawili katika mita 30 za mwisho akaingia wa nne, na wanaochukuliwa ni watatu.

Kosa hilo ni langu. Nilikuwa nimemtoa kwenye filimbi yangu nikamfungia kwenye taa yangu. Sikukaa nikajiuliza kama huko aendako ataikuta.

Usiku nililala bweni moja na wasichana, kama mlezi. Saa nne taa zikazimwa, na bweni zima likanyamazishwa mara moja. Sijawahi kufikiri kuhusu swichi ya ukutani namna ile: kwa mtu mwenye sauti, kuzima taa ni kumwambia alale, kwa kiziwi ni kumziba mdomo. Haikuchukua muda tochi ya simu ikawaka pembeni, ikaja ya pili, ya tatu, zikasimamishwa kwenye ndoo katikati, na mikono ikaanza tena. Vivuli vilijaa ukutani. Walikuwemo wa Mwanza, wa Tabora, wa Dar, alama nyingine wanatofautiana, wanazibishania, wanacheka mpaka vitanda vinalia. Nyusi alikuwa katikati. Nilimwona anasimulia jambo refu, lina bahari ndani yake, lina mtu aliyeshika mbao kifuani, na wote wanamtazama. Sikuwahi kumwona akisimulia jambo refu. Kule shuleni alikuwa akijibu tu. Saa tisa usiku nilisinzia, hawajalala.

Tukiwa njiani kurudi, basi liliposimama Nangurukuru, watu wakashuka kununua chakula. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimejifunza alama tatu kwa ajili ya jambo lile, nilimwomba msichana wa Tabora anifundishe ili nisikosee. Nikamwambia: siku ile, filimbi, nilikufokea. Samahani.

Alifikiri. Akajibu taratibu ili nifuate. Maneno yako sikuyaona, alisema. Uso wako niliuona.

Basi likaondoka. Hatukusema zaidi mpaka Lindi, ambako alinigusa bega kunionyesha bahari.

Tangu hapo mazoezi yetu yana kila kitu: taa, bendera, mkono, kitambaa, kugusa bega. Wiki hii tunaanza kwa hiki, wiki ijayo kwa kingine, na siku nyingine sisemi ni kipi. Makopo sasa ni manne. Fundi ametengeneza mengine, na vijana wa bodaboda huleta vijitaa wenyewe. Mimi nimeendelea na lugha ya alama. Nyusi ananisahihisha bila huruma, na anafanya vizuri, kwa sababu mwalimu wa viziwi anayeongea alama kama mtoto wa miaka mitatu anawadhulumu wanafunzi wake.

Mwaka 2025, kuanzia tarehe 15 hadi 26 Novemba, michezo ilifanyika Tokyo, mara ya kwanza Japani kuwa mwenyeji, ikiwa ya 25 ya majira ya joto. Riadha ilikuwa kwenye uwanja wa Komazawa. Kwetu ulikuwa msimu wa korosho, nusu ya watoto wako mashambani, lakini waliobaki walikusanyika kwenye veranda ya bibi yake Nyusi, watoto kumi na mmoja na simu moja. Tokyo imetutangulia saa sita; kwetu asubuhi, kwao jua linazama. Watoto walitaka kuwaona Wakenya, wanaowajua kwa mbio, wakawa wanagombania kioo. Nyusi hakuwa anatazama wakimbiaji. Alisubiri wainame, akaweka kidole kwenye kioo, chini, mbele ya mikono yao. Pale. Akatugeukia kuhakikisha kila mtu ameona. Nyekundu. Njano. Bibi aliyekuwa akipepeta mchele aliacha ungo, akasogea, akauliza, "Ndiyo ile ya kopo?" Nikamtafsiria Nyusi. Akainua mikono yote miwili juu akaitikisa, ndivyo viziwi wanavyopiga makofi, na watoto wote kumi wakainua yao, na veranda ikajaa mikono bila sauti yoyote.

Majaribio mengine yakiitwa tutakwenda, audiogramu ipo na mjomba amekwisha kusema ndiyo. Kwa sasa ana miaka kumi na tisa, anajifunza ushonaji mjini, na Jumamosi asubuhi yuko Shangani kabla yangu, ameshachora mistari.

Jumamosi iliyopita alikuja mtoto mpya, wa miaka tisa, kaletwa na shangazi yake. Mara ya kwanza aliondoka kwenye njano. Mara ya pili akaondoka kwenye njano tena, akaona wenzake hawajaondoka, akasimama katikati ya mchanga, mabega yameshuka, anatusubiri tumfokee. Nilianza kwenda. Nyusi alininyooshea kiganja: subiri. Aliweka chini ile mbao ya swichi, akamfuata, akamrudisha mstarini kwa mkono. Akapiga magoti kwenye mchanga mbele yake. Alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakishusha kidogo, akakigeuza kidogo kulia, akaangalia macho yake yanakotazama, akakishusha tena. Kisha akarudi kwenye swichi, akasubiri mpaka mtoto atulie.